Zawadi ya Kutoka

Siku bibi harusi alipowagawia wapambe wake zawadi, dada yake alikuwa amepiga magoti sakafuni akibana pindo, na pini zimemjaa mdomoni.

Huyo dada ndiye aliyeshona gauni la bibi harusi na magauni ya wapambe wote, likiwemo lake mwenyewe, maana na yeye alikuwa mpambe. Mtaani na nyumbani aliitwa Fundi. Bibi harusi, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, aliitwa Kitinda tangu akiwa wa kubebwa, na jina halikumtoka hata alipopata ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Walikuwa sebuleni kwa Fundi, ambako ndiko kulikokuwa karakana: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, redio juu ya kabati. Mwisho wa sebule palining'inia pazia la maua. Nyuma ya pazia alilala baba yao.

"Sitaki kuwapa vikombe," Kitinda alisema, amesimama juu ya kigoda, mikono kaipanua asichomwe. "Wala fremu za picha. Vitu vinakaa kabatini vinakula vumbi. Mimi nawapa matembezi. Mtu ukitoka, ukaona, ukafurahi, hiyo hakuna wa kukunyang'anya."

Bahasha zikapita. Wifi yake, dada wa bwana harusi, alipata ziara ya maporomoko ya maji. Msusi, rafiki wa nyumba ile tangu shule, alipata tiketi ya fainali ya mpira, kwa kuwa alipenda mahali ambapo mtu anaruhusiwa kupiga kelele. Rafiki wa ofisini alipata sarakasi. Fundi alipata onyesho la mwimbaji yule bibi mzee ambaye kila akiimba redioni, mguu wa Fundi ulipunguza mwendo kwenye pedali. Ilikuwa zawadi iliyofikiriwa. Safu ya M, karibu na katikati, si mbali na jukwaa.

Fundi aliitazama tiketi, na kwa sababu ya zile pini hakusema kitu. Machozi yakamlengalenga.

"Mwoneni!" wifi alisema. "Furaha imemkaba koo."

"Huyu akisema asante leo, kesho mvua," Msusi alisema, wakacheka wote.

Alichotaka kusema Fundi ni kuuliza siku hiyo nani atakaa na Baba. Lakini mpaka pini ya mwisho ilipotoka mdomoni na kuingia kwenye kitambaa, wenzake walikuwa wameshahamia kwenye habari za viatu.

Baba yao alikuwa mtunza ghala siku za kazi na refa siku za mechi. Kiharusi kilipompitia kilichukua upande wa kushoto na maneno yote, kikamwachia mkono wa kulia, filimbi na kadi zake mbili. Filimbi aliivaa shingoni. Akipuliza fupi, ni maji. Akipuliza ndefu, ni kugeuzwa au kusafishwa, na hiyo haingoji, maana mgongo wa mtu wa kulala unaanza kuchubuka wakati wewe bado unatafuta ndara zako. Kadi zilikaa mfuko wa kifuani wa pajama. Aliyechelewa alioneshwa ya njano. Aliyemkosea alioneshwa nyekundu, na katika nyumba ile kadi nyekundu haikuwa na rufaa.

Kaka yao mkubwa, aliyekuwa akiuza bima, alioneshwa nyekundu miezi ile ya mwanzo kwa kumwagia mzee uji wa moto. Tangu hapo hakuvuka pazia. Kila alipokuja alisimama upande huu, akamsalimia baba yake kwa sauti ya juu kama mtu aliyeko jukwaa la mashabiki, kisha akasema, "Ningependa sana kusaidia, lakini ndiyo hivyo, nilishatolewa nje." Alilisema kwa huzuni ya kweli. Kitinda yeye hakuwahi kuoneshwa kadi yoyote, kwa kuwa hakuwahi kuingia uwanjani.

Harusi ilipita, ikapendeza, magauni yakasifiwa. Wiki ya onyesho ilipofika, Fundi alimpigia simu mdogo wake.

"Dada jamani! Jumamosi hiyo wakwe wanakuja kutuona. Nitawaambia nini, nimekwenda kumgeuza baba?"

"Waambie hivyo hivyo."

Kitinda alicheka, akadhani ni utani. "Mwambie Kaka," alisema.

Kaka alisema alichosema siku zote. Shangazi alisema miguu inamuwaka moto. Msusi alikuja mwenyewe bila kuombwa, siku mbili kabla, ili mzee amzoee. Alinawa mpaka viwikoni, akaingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mzee. Jumamosi mimi ndiye kocha wako."

Mzee alimkubalia maji. Alimkubalia na mto. Lakini Msusi aliposhika kifungo cha pajama, mkono wa kulia ulikwenda mfukoni na nyekundu ikapanda.

"Mzee, hata faulo sijacheza!"

Kadi haikushuka mpaka alipotoka. Msusi alirudi sebuleni akijifuta machozi ya kucheka, halafu akaacha kucheka.

"Shoga, huyu kakutaka wewe tu."

"Hakunitaka," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekuwepo."

Jumamosi jioni Fundi alimlisha baba yake, akamgeuza, akampaka poda mgongoni. Kisha akavaa gauni alilojishonea kwa mabaki ya vitambaa vya harusi, mikono kutoka gauni la Kitinda, kiwiliwili kutoka magauni ya wapambe. Kwa mbali ungesema limekusudiwa kuwa hivyo. Akaketi kwenye kigoda cha cherehani, mkoba juu ya mapaja. Hakuwa akimngoja mtu. Alikaa tu kama wanavyokaa waliokwenda.

Saa ya onyesho ilipofika, kiti kilikuwa pale.

Kilikuwa kati ya meza ya kukatia na mlango, kiti cha ukumbi cha kitambaa chekundu, cha kukunjuka, kimefungwa kwa skrubu kwenye saruji kama kilichokuwepo tangu nyumba ijengwe. Herufi M ilikuwa kwenye kibati cha mkono wa kiti. Mlangoni alisimama mkata tiketi mwenye koti la vifungo na tochi ndogo.

"Tiketi, mama."

Fundi alimpa. Akaichana katikati, nusu akaitia mfukoni, nusu akamrudishia, akamulika kiti. Fundi alikikunjua, akaketi. Kilikuwa laini kupita alivyodhani, na alitazama mshono wa pembeni kuona umeshonwaje.

Ukuta wa mbele, ule wenye kalenda, ulikuwa umeondoka mahali pake. Kule kulikokuwa kwa jirani fundi redio kulikuwa na safu za vichwa, na mbele ya vichwa jukwaa. Safu ya L, moja kwa moja mbele yake, alikaa mwanamume mrefu ambaye hakuvua kofia. Fundi ilimbidi aegemee kushoto.

Mwimbaji alitoka akitembea polepole, amevaa nyeupe. Akasimama, akasubiri watu wamalize kukohoa, akaanza wimbo ule ule. Sauti yake bila redio ilikuwa na mkwaruzo ndani, kama kitambaa kizuri kinapokatwa na mkasi mpya. Alimaliza ubeti wa kwanza. Alivuta pumzi kwa ajili ya wa pili.

Filimbi ikalia, ndefu.

Vichwa viligeuka. Yule wa kofia alisema, "Ah, watu wengine bwana!"

Mkata tiketi akainama sikioni mwa Fundi. "Mama, filimbi ni marufuku ukumbini."

"Ni ya baba yangu."

"Sawa. Lakini ukitoka, hurudi. Ndiyo sheria."

Fundi alikaa kidogo. Filimbi ikalia tena. Akainuka, kiti kikajikunja chenyewe nyuma yake, akaenda nyuma ya pazia, akakunja mikono ya gauni jipya.

Aliporudi, ukuta ulikuwa ukuta na kalenda juu yake. Kwa upande wa pili yalisikika makofi, kwa muda mrefu, kama mvua inayopiga bati la nyumba ya mtu mwingine. Mkata tiketi alikuwa akifunga vifungo vya koti.

"Na kiti?" Fundi aliuliza.

"Kiti ni chako, mama. Kimeshakatiwa tiketi."

Jumatatu mteja wa kwanza alijigonga goti, akasema kiti kimekaa vibaya. Fundi alijaribu skrubu kwa bisibisi ya cherehani, zikakataa. Alisogeza meza ya kukatia.

Kitinda alikuja na mumewe na keki. Alikizunguka kiti, akakipapasa, akamkumbatia dada yake kwa nguvu.

"Unaona sasa? Zawadi imekufuata mpaka nyumbani! Mimi roho ilikuwa inaniuma, nikasema Dada hatatoka. Kumbe hata haja ya kutoka huna."

"Nilisikia ubeti mmoja," Fundi alisema.

"Lakini mzuri?"

"Mzuri."

"Basi!" Kitinda alisema, akamgeukia mumewe. "Si nilikwambia? Ubeti mmoja wa yule bibi unashinda kaseti nzima."

Kaka wa bima alikuja siku nyingine, akakaa kwenye kiti chekundu, akaegemea. Alisema kinashika mgongo vizuri. Kutoka hapo alimpigia baba yake salamu kwa raha zaidi, maana zamani alikuwa akizipiga kwa kusimama.

Basi ukoo mzima ukapata la kumpa Fundi. Kabla ya hapo alikuwa mtu mgumu wa zawadi, kila kitambaa anacho, vyombo anavyo. Sasa ikawa rahisi. Siku yake ya kuzaliwa Kaka alimpa ziara ya maporomoko ya maji, ile aliyokwenda wifi, na asubuhi ya safari kiti cha basi kilikuwa karibu na kabati, mkanda wake umelowa. Fundi aliyaona maji yakianza kuonekana kwa mbali, moshi mweupe juu ya miti, na mwenye kipaza sauti akasema, jamani sasa andaeni kamera. Filimbi ikalia. Aliporudi, sakafu ilikuwa na dimbwi. Alipiga deki.

Shangazi alimpa sarakasi. Likaja benchi refu la mbao lililonuka farasi. Kitinda, alipopandishwa cheo, akampa siku ya bustani ya michezo, ikaja bembea, minyororo yake imeshikwa na mbao za dari. Fundi alisukumwa mara chache na mtu asiyemwona, miguu ikapita juu ya meza ya kukatia, na kwa kitambo kidogo alikuwa juu kuliko redio. Kisha akashuka, akaenda.

Fainali ya mwaka uliofuata alipewa na Msusi, ambaye alijinyima yake. Kiti kilikuja cha plastiki, kimejaa maganda ya karanga. Jioni hiyo ilikuwa tofauti kidogo. Filimbi ya mzee ililia nyuma ya pazia, na kule uwanjani wachezaji wote wakasimama. Mshambuliaji aliyekuwa peke yake na kipa akaacha mpira ukaenda zake. Uwanja mzima ukaanza kumtukana refa, mama yake na bibi yake. Fundi alipofungua pazia, baba yake alikuwa akitabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Alipuliza tena, faulo kwa upande wa wageni. Hakutaka maji, hakutaka kugeuzwa. Alichezesha mechi yote, na Fundi akabaki ameshika pazia katikati, uwanja mgongoni, mzee mbele, hakuona goli hata moja. Ndiyo tiketi pekee iliyompendeza, na hakuitumia yeye.

Kufikia hapo cherehani haikuwa na mahali. Aliihamishia kibarazani. Mvua ilipokuja na upepo vitambaa vya watu vililowa, na wateja wa magauni meupe wakaanza kupita mbali. Sebuleni ilibaki njia moja tu, upana wa beseni, kutoka pazia hadi mlango.

Siku moja Fundi aliwaita Kaka na Kitinda. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. Kaka alikaa kiti chekundu, Kitinda akakaa kwenye bembea akijisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Sitaki tiketi tena," Fundi alisema. "Nataka mtu. Jumamosi moja. Mtu aje akae na Baba, amgeuze, amsafishe, mimi nitoke kwa mlango huu, nirudi. Hata kama ni kwenda sokoni kutazama nyanya."

Bembea ilisimama.

"Lakini Fundi," Kaka alisema kwa upole, ule upole anaoutumia kwa mteja aliyesoma mkataba nusu, "hebu tuwe wakweli. Katika tiketi zote tulizokupa, kuna hata moja iliyokukosa?"

"Hakuna."

"Zote zimekuja?"

"Zimekuja."

"Mimi nilikwenda yale maporomoko baada ya wifi kuyasifu. Foleni, jua, mbu. Wewe umeletewa hapa, na kiti ukabaki nacho. Watu wangapi wana bahati hiyo?"

"Kaka, mimi nakuomba mtu."

"Mimi nilishatolewa nje," Kaka alisema.

Fundi alimtazama mdogo wake. Kitinda aliinama, akaangalia tumbo lake, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Dada, mimi harufu yoyote sasa hivi natapika. Si unajua mwenyewe? Nikishajifungua tutazungumza." Akafungua mkoba. "Nilikuletea kitu. Nilitaka iwe siri, basi tu." Ilikuwa bahasha.

Fundi aliipokea. Kitinda akajisukuma tena kwa kiatu chake, minyororo ikalia kidogo darini.

Mwaka wa harusi ulipotimia tena, ukoo uliamua kukutana kwa Fundi, kwa kuwa ndiko kwenye viti. Msusi hakualikwa, si wa ukoo. Walikuja jioni, wamevaa vizuri, Kitinda na mumewe na mtoto mchanga, Kaka na mkewe, Shangazi na miguu yake. Wifi alichelewa, akapata mahali kwenye benchi. Viti vyote vilikuwa vimetazama upande mmoja. Hakuna aliyevipanga hivyo. Ndivyo vilivyokuja, na skrubu zao hazikusikia bisibisi.

Fundi alikuwa kibarazani akimalizia pindo la mtu. Filimbi ililia, ndefu. Alikata uzi kwa meno, akajaza beseni, akapita kati ya magoti yao akiomba samahani, akaingia nyuma ya pazia.

Mkata tiketi alikuwa mlangoni kwa koti lake la vifungo. Hakuwadai tiketi, walikuwa jamaa. Alizima taa ya sebule, akabakisha ile ya nyuma, kisha akavuta kamba ambayo haikuwepo jana, na pazia la maua likafunguka pande mbili.

Sauti zikatulia. Mtoto alinyamazishwa.

Fundi alisikia ukimya, akageuka, akawaona. Kisha akamgeukia baba yake, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa. Akamvua. Akamshika bega na nyonga, akamgeuza kwa ule mtindo wa kuvuta kwa mwili mzima badala ya mikono, akamsafisha, akatazama kile kidonda cha juu ya kiuno, akakipaka dawa. Baba alikunja uso. "Tayari, Baba, tayari," alimwambia, kama alivyomwambia kila siku. Akatandua shuka upande mmoja, akatandika upande huo, akamgeuza, akamalizia wa pili.

"Anajitahidi jamani," mke wa Kaka alinong'ona.

"Shh," Kaka alisema. "Tazama anavyomshika kwa mkono wa kushoto."

Kitinda alikuwa akilia kimya kimya, na mumewe akampa leso. Alilia vizuri, kwa moyo wote, mtoto amemlalia kifuani.

Fundi alipofunga kifungo cha mwisho cha pajama, mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Aliwatazama waliokaa, safu kwa safu, kutoka kiti chekundu mpaka bembea. Mkono wa kulia ukaenda mfukoni. Akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu kabisa, akaishikilia hivyo.

Wakapiga makofi.

Walipiga kwa muda mrefu. Shangazi alisimama, ingawa miguu ilimuwaka moto. Fundi alisimama na beseni la maji machafu mikononi, maana njia ilikuwa moja tu na ilipita katikati yao. Alingoja wamalize. Walipochoka alisema, "Inueni miguu."

Wakainua. Akapita, akavuka mlango, akavuka cherehani, akamwaga maji kwenye mtaro. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo. Barabarani watu walipita wakienda zao, wawili wawili, wamevaa nguo za kutoka. Fundi alikung'uta beseni, akasimama, akawatazama mpaka wakakata kona. Alikuwa amebaki na tiketi moja, ile ya mwisho ya Kitinda, mfukoni mwa aproni. Hakuwahi kuitazama ni ya wapi.

Ndani, filimbi ililia.

Alirudi hadi mlangoni. Mkata tiketi alikuwa amesimama katikati ya mlango na tochi yake, na Fundi akasimama, kwa kuwa sheria aliijua.

"Nimetoka," alisema.

Mkata tiketi alimmulika usoni, kisha beseni, akasogea pembeni.

"Pita tu, mama," alisema. "Ile sheria ni ya watazamaji."